Gari la Kale Halivuti? Kabureta Iguse Mwisho

"Gari halivuti." Peleka malalamiko hayo kwa mafundi watano kando ya Kirinyaga Road na utarudi na majibu matano. Mmoja atasema kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa, imekufa. Wa pili ataitaja pampu ya petroli. Wa tatu atataka kuifungua injini yote siku hiyo hiyo. Msimu wa Concours, yale mashindano ya magari yaliyotunzwa vizuri, pale Ngong Racecourse ukikaribia, au magari ya mbio za East African Safari Classic yakirudi barabarani, wenye Datsun, MG, Alfa Romeo na Escort za zamani huingia tena katika mabishano hayo hayo, na baadhi yao huwa wameshanunua spea ambazo gari halikuzihitaji.

Chanzo chake ni kimoja: watu wanatibu kabla ya kupima. Injini ya mwaka 1971 haina kompyuta ya kukuambia inaumwa wapi, lakini hiyo si sababu ya kubahatisha. Ina vipimo vyake, na vipimo hivyo vina mpangilio. Ukiufuata, kabureta huwa kitu cha mwisho kushikwa.

Nitachukua Datsun 240Z kuwa mfano, kwa sababu ni gari la mbio lenye historia yake hapa nyumbani. Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nalo Safari Rally ya 1971, kisha Shekhar Mehta na Lofty Drews wakashinda nalo ile ya 1973. Injini yake, L24, ina silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, ukubwa wa sentimita za ujazo 2,393, na inalishwa na kabureta mbili. Mengi nitakayoyaeleza yanalifaa gari lolote la rika hilo. Tarakimu ndizo zinazobadilika, na hapo kitabu cha gari lako ndicho mwamuzi.

Tuelewane kwanza kuhusu maneno. Ili injini itoe nguvu inahitaji vitu vinne. Inahitaji hewa ya kutosha. Inahitaji petroli kwa kipimo kinachoendana na hewa hiyo, yaani, kwa uzito, karibu sehemu 14.7 za hewa kwa sehemu moja ya petroli. Inahitaji mgandamizo, ambao mafundi wengi wanauita kompresheni: pistoni inapopanda, mchanganyiko ule ubanwe bila kuvuja. Na inahitaji cheche kali kwenye plagi, itokee kwa wakati wake. Wakati huo ndio taimingi. Kimoja kikikosekana kabisa, gari haliwaki. Kimoja kikipungua, gari linawaka, linatembea, ila halivuti.

Kumisi ni silinda kuruka zamu yake ya kuwaka. Kunoki ni ule mlio mkali wa chuma kugongagonga unaosikika ukikanyaga mafuta mlimani, na maana yake ni kwamba mchanganyiko unalipuka vibaya au mapema mno. Hayo ni matatizo mawili tofauti, ingawa mara nyingi huelezwa kama kitu kimoja.

Kabla hata ya kufungua boneti, hakikisha kwamba injini ndiyo yenye kosa. Klachi inayoteleza hufanya gari lionekane limechoka: mlimani, kwa gia ya juu, mlio wa injini unapanda huku mwendo ukibaki pale pale. Breki inayoshika hufanya hivyo hivyo. Gari lililokaa miaka kwenye gereji ya nyumbani Karen au Lavington aghalabu lina pistoni za breki zilizoshika kutu. Liendeshe kidogo bila kukanyaga breki sana, simama mahali tambarare, kisha sogeza kiganja karibu na kila rimu. Moja ikiwa na joto kuliko wenzake, umeshapata ugonjwa, na injini haihusiki.

Sasa tuje kwenye jambo linalowachanganya watu wa Nairobi kuliko yote. Mji huu uko juu, karibu mita 1,600 hadi 1,800 kutoka usawa wa bahari kutegemea mtaa. Kanieneo ya hewa hapa ni takriban asilimia 83 ya ile ya Mombasa. Mkimbiaji aliyezoea pwani akiletwa kukimbia Ngong Hills, miguu yake ni ile ile na mapafu ni yale yale, lakini kila pumzi inamletea hewa pungufu. Injini isiyo na tabo (turbo), ile feni ya kuisukumia hewa, iko katika hali hiyo kila siku. Datsun ilitangaza nguvu za farasi 151 kwa 240Z. Injini nzima, yenye afya kamili, ikiwashwa Nairobi itatoa karibu 125. Ukipanda nayo hadi Limuru inapungua tena. Hakuna fundi atakayeurudisha upungufu huo kwa bisibisi, na anayekuahidi hivyo anakuuzia ndoto.

Mwinuko huu una athari ya pili ambayo haisemwi sana. Kabureta hupima petroli kwa kufuata kasi ya hewa inayopita, na haijui kwamba hewa yenyewe imekuwa nyepesi. Kwa hiyo gari lililopangwa kwa usawa wa bahari likiletwa Nairobi hupata petroli iliyozidi. Litatoa moshi mweusi, plagi zitapata masizi, litakunywa petroli, na uvutaji utakuwa mzito. Hilo ni la kurekebisha, na tutalifikia, lakini si sasa.

Tuanze na mgandamizo, kwa sababu ndicho kitu pekee kati ya vile vinne ambacho hakiwezi kurekebishwa kwa kukaza wala kulegeza skrubu. Silinda ikivuja, kila unachofanya juu yake ni kazi bure. Hakikisha kwanza vali, vile vilango vya kuingiza hewa na kutolea moshi, zina nafasi yake. Kwenye L24 ikiwa ya moto ni milimita 0.25 upande wa kuingiza na 0.30 upande wa kutolea moshi. Vali iliyobanwa haifungi sawasawa, na kipimo kitakuonyesha uvujaji ambao ungeisha kwa kazi ya asubuhi moja.

Kipimo chenyewe ni rahisi. Pasha injini moto, toa plagi zote sita, chomoa waya wa koili, kisha fungia geji kwenye tundu la silinda ya kwanza. Mtu akanyage mafuta hadi mwisho na azungushe stata hadi mshale uache kupanda. Andika. Rudia kwa zote.

Hapa ndipo injini nyingi nzima zinapohukumiwa kifo. Kitabu, kilichoandikwa kwa usawa wa bahari, kinasema pauni 170 kwa inchi ya mraba. Geji inasoma 140. Fundi anatikisa kichwa, anasema ringi za pistoni zimekwisha, na mwenye gari anaanza kutafuta hela za kufungua injini. Lakini kwa hewa ya Nairobi, 140 ndiyo 170 ya Mombasa. Injini hiyo haina kosa lolote. Ukitaka kujua ukweli usiangalie tarakimu moja. Zilinganishe zote sita. Zikiwa 140, 142, 138, 141, 139 na 140, funga plagi zako ukiwa na amani. Zikiwa 140, 142, 138, 141, 90 na 85, silinda mbili zinazopakana zimeshuka pamoja, na hapo shuku gasketi ya hedi iliyoungua katikati yao. Ikishuka moja pekee, mimina kijiko kimoja cha oili kwenye tundu la plagi, pima tena. Kipimo kikipanda, ringi ndizo zinazovuja, maana oili imeziba kwa muda. Kisipopanda, mvujo uko juu, kwenye vali au gasketi.

Geji ya kufyonza, ile inayounganishwa kwenye manifoldi, mabomba yanayoipeleka hewa kwenye silinda, ina mtego huo huo. Vitabu vinasema injini nzima ikinguruma taratibu isome inchi 17 hadi 22 za zebaki. Kila futi 1,000 za mwinuko hupunguza karibu inchi moja, kwa hiyo Nairobi hesabu 12 hadi 16 kuwa kawaida. Kinachotisha ni mshale unaotetemeka kwa mpigo, kila mara silinda ile ile inapofika zamu yake.

Mgandamizo ukiwa sawa, nenda kwenye cheche. Hapa ningeomba msomaji atulie, kwa sababu nina hakika sehemu kubwa ya makosa yanayobebeshwa kabureta yanaishi ndani ya disitributa, kile kifaa kinachogawa umeme wa cheche kwa kila plagi. Dalili zinafanana mno. Silinda isiyochoma hutema petroli mbichi kwenye eksozi, harufu inajaa, moshi unaonekana, na mtu anasema "petroli imezidi." Petroli haikuzidi. Ilikosa moto.

Anza na vya bei nafuu. Toa plagi uzipange kwa mpangilio wa silinda, moja hadi sita, juu ya gazeti. Ncha yenye rangi ya kahawia hafifu ni nzuri. Nyeusi yenye masizi makavu ni petroli nyingi au cheche dhaifu. Yenye unyevu wa oili ni ringi, au mipira ya vali. Nyeupe yenye malengelenge ni joto kupita kiasi, petroli pungufu. Sita nyeusi zote ni habari tofauti kabisa na moja nyeusi kati ya sita, na ndiyo maana mpangilio ni muhimu. Usiku, zima taa za gereji, washa injini na utazame waya za plagi. Waya uliochoka utauona ukirusha cheche za buluu pembeni. Pima nafasi ya pointi, ile swichi ndogo ndani ya disitributa inayokata umeme ili cheche itokee: milimita 0.45 hadi 0.55 kwa disitributa ya 240Z. Angalia kofia ya disitributa kama ina ufa mwembamba mweusi. Hakikisha waya zinafuata zamu ya 1-5-3-6-2-4. Waya mbili zilizobadilishana zimeshawahi kugharimu watu injini nzima kwa hofu tu.

Kisha taimingi, na si ile ya injini ikinguruma taratibu pekee. Kadiri injini inavyozunguka kasi, cheche lazima itangulie zaidi. Kazi hiyo hufanywa na vyuma viwili vidogo vyenye springi, vilivyojificha chini ya bamba la pointi, ambavyo hutanuka kwa kasi ya mzunguko. Nilisimama kando ya 240Z moja nyeupe ambayo kabureta zake zilikuwa zimefunguliwa mara mbili katika gereji mbili tofauti. Iliwaka kwa mpigo mmoja. Ilinguruma vizuri sana. Ikipita mizunguko 3,000 kwa dakika inakuwa kama imefungwa kamba, na mshale wa joto unapanda. Fundi mzee aliyeitwa kuiona hakugusa kabureta. Alifunga taa ya taimingi, akaielekeza kwenye puli ya krenki, akamwambia kijana akanyage mafuta polepole. Alama kwenye puli ilipaswa kuanza kusogea. Haikusogea hata kidogo. Alipofungua disitributa, grisi ya miaka mingi ilikuwa imekauka ikawa gundi, na vile vyuma viwili vilikuwa vimeshikamana na kitako chake. Alivisafisha kwa mafuta ya taa, akavipaka tone la oili, akafunga. Ilikuwa kazi ya chini ya saa moja, bila spea hata moja. Magari haya ya kusimama sana ndivyo yanavyougua.

Kando ya disitributa kuna kopo dogo la bati lenye mpira mwembamba unaokwenda kwenye kabureta. Ndani yake mna utando unaovuta bamba la pointi unapoendesha kwa mafuta madogo. Chomoa mpira huo upande wa kabureta, unyonye kwa mdomo, kisha uzibe tundu kwa ulimi. Bamba lisogee, na ulimi ubaki umevutwa. Hewa ikipita tu bila kizuizi, utando umepasuka. Gari hilo litakunywa petroli kuliko kawaida na litakuwa zito mjini, na hewa inayopita kwenye ule mpasuko itavuruga kabureta bila kabureta kuwa na kosa.

Ukishamaliza cheche, fuata petroli kutoka nyuma kuja mbele. Tangi la gari la miaka 50 lina kutu, na kutu hujaza kichujio, na kichujio kilichojaa huruhusu petroli ya kutosha kutembea mjini lakini si ya kupanda mlima kwa kasi. Kwa hiyo gari linalovuta vizuri sekunde chache kisha likalegea, kisha likarudi ukiachia mafuta, lina njaa. Chomoa paipu kabla ya kabureta, ielekeze kwenye chupa, zungusha stata na koili ikiwa imechomolewa, uone petroli inakuja kwa mpigo imara au inadondoka. Fanya hivyo injini ikiwa baridi na pasipo mtu anayevuta sigara.

Petroli yenyewe nayo iangaliwe. Uchanganyaji wa mafuta ya taa ulikuwa tatizo kubwa kiasi kwamba mwaka 2018 serikali iliweka tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa ili faida ya kuchanganya ipotee. Mchanganyiko huo hupunguza okteni, na gari huanza kunoki na kutoa moshi. Lakini imani kwamba petroli ya bei ya juu inaongeza nguvu si sahihi. Okteni ni uwezo wa petroli kuhimili kubanwa bila kulipuka ovyo. Injini ya uwiano wa mgandamizo wa 9 kwa 1, tena kwenye hewa nyepesi ya Nairobi, haina haja kubwa nayo. Kama hainoki kwa petroli ya kawaida iliyo safi, hutapata farasi hata mmoja kwa kulipa zaidi.

Imani nyingine ni kwamba petroli isiyo na madini ya risasi (lead) ndiyo iliyoua magari haya. Kenya, pamoja na nchi nyingine za kusini mwa Sahara, iliachana na petroli yenye risasi kufikia mwanzo wa 2006, na mwaka 2021 UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, ambayo makao yake yako hapa Gigiri, ilitangaza kwamba Algeria ilikuwa nchi ya mwisho duniani kuacha kuiuza. Ni kweli kwamba risasi ilikuwa inalinda vikalio vya vali katika hedi za chuma laini, kama za MG nyingi. Bila hiyo vikalio huliwa, vali huzama, na nafasi yake hubana pole pole. Ila ni ugonjwa wa maelfu ya kilomita na unaonekana mapema ukipima nafasi za vali. Hauwezi kukufanya ulale na gari zima uamke na gari lisilovuta. Hedi ya L24 ni ya aluminiamu yenye vikalio vilivyopachikwa, kwa hiyo tatizo hilo haliihusu sana.

Kuna tabia moja inayoniuma kweli: kutoa themostati na kuitupa. Gari lilipata joto siku moja, fundi akaitoa, joto likashuka, kila mtu akafurahi. Tangu siku hiyo injini haifiki joto lake la kazi. Petroli haigeuki mvuke vizuri, inaosha oili kwenye kuta za silinda, inateremka kuchanganyika na oili chini, na ringi zinalika. Kisha watu wanashangaa mgandamizo umekwenda wapi. Kama gari linapata moto, angalia rejeta na kifuniko chake. Maji ya kawaida Nairobi huchemka kwa nyuzi 94 hivi, si 100, hivyo kifuniko kisichoshikilia presha huleta balaa hapa mapema kuliko pwani.

Joto pia linaeleza ugonjwa wa foleni ambao wenye 240Z wanaujua. Kwenye L24 manifoldi ya hewa na ya eksozi ziko upande mmoja, kabureta zikiwa juu ya chuma kinachochoma. Ukikwama Waiyaki Way mchana, petroli inachemka ndani ya kabureta, na kwenye mwinuko huu inachemka upesi zaidi. Gari linamisi, linazima, na likipumzika linawaka kama hakikutokea kitu. Bati la kuzuia joto linalokaa chini ya kabureta likiwa limetupwa zamani na fundi aliyeliona halina kazi, lirudishe kabla ya kununua pampu ya umeme.

Sasa kabureta. Kwanza hakikisha hakuna hewa inayoingia pasipostahili: chukua kipande cha mpira mrefu, ncha moja sikioni, nyingine uipitishe kwenye maungio ya manifoldi usikilize mfyonzo. Usipulizie kemikali inayowaka, maana eksozi iko hapo hapo chini. Angalia oili kwenye mnara wa kila kabureta. Ikikauka, gari hukohoa ukikanyaga mafuta ghafla. Inua pistoni ya kabureta kwa kidole na uiachie: ishuke bila kusita, itue kwa mlio mdogo.

Kisha injini ikiwa ya moto na inanguruma taratibu, inua pistoni hiyo milimita moja tu. Mlio ukipanda na kubaki juu, petroli imezidi. Injini ikitaka kuzima, imepungua. Mlio ukipanda kidogo na kurudi, umefika. Nati iliyo chini ya kabureta ndiyo inayorekebisha, na mwanzo wake wa kawaida ni mizunguko miwili na nusu kwenda chini kutoka juu kabisa. Nairobi mara nyingi utaishia kuipandisha kidogo kutoka hapo. Fanya kabureta zote mbili sawa.

Andika mahali ilipoishia, kwa sababu mpangilio huo ni wa huku juu. Ukiteremka nalo Mombasa bila kuirudisha nati chini, hewa nzito ya pwani itakutana na petroli pungufu, na dalili ya kwanza itakuwa kunoki ukikanyaga mafuta, huku plagi zikianza kugeuka nyeupe. Simama Voi, acha injini ipoe kidogo, ishushe nati kwa kila kabureta, na upime tena kwa kuinua pistoni kabla ya kuendelea.